Kiapo kwa Sheha

Kambi ya mateka, 3 Februari 2025

Mdogo wangu Muzdalifa,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, ila kikohozi. Miguu ya Mama inaendeleaje?

Chuo niliacha, nikajiandikisha jeshi la nchi hii niliyokuja kusoma. Sasa nimetekwa na upande wa pili. Tunalishwa mara mbili, hatupigwi. Mwezi ujao mahakama yao ya kijeshi itaniuliza mimi nani. Kibati changu cha namba ya uaskari kilipotea vitani.

Kaka yako,
Mahfoudh

Nyumbani Ng'ambo, 20 Februari

Kaka, shikamoo.

Sisi wazima. Mama aliposikia u hai alicheka mpaka akakaa chini.

Tulikwenda kwa sheha wa mtaa wetu. Mama kala kiapo: "Mwanangu hajapata kuwa askari. Hata kuku hachinji!"

Sheha kamwuliza: "Bi Mwanapili, mbona mwanangu alimvunja jino?"

"Ule mpira, si vita!"

Sheha kacheka, kagonga muhuri. Maneno niliyapanga mimi: mwanafunzi, karubuniwa, hajawahi kuwa mwanajeshi. Nimeyatafsiri mwenyewe na kuyatuma mahakamani. Tulia sasa.

Mdogo wako,
Muzdalifa

Gerezani, 28 Machi

Muzda,

Salamu nyingi. Hii usimsomee Mama.

Askari akitekwa hashitakiwi kwa kupigana. Huwekwa mpaka vita viishe. Nilishawaambia mimi askari, na hakimu alianza kuniamini. Kisha ikasomwa barua yenu. Asiye askari akishika bunduki, kwao ni muuaji. Hakimu akasema nina jamaa wakweli.

Nimetolewa kwa mateka, nimewekwa na wahalifu. Hukumu ni kifo. Rufaa siku thelathini.

Sikulaumu. Hata mimi ningekimbilia kwa sheha.

Kaka yako

Ng'ambo, 12 Aprili

Kaka, shikamoo. Kikohozi je?

Nilimwomba sheha barua mpya ya kusema wewe ni askari, akakataa: "Mama yako kaapa kwa Mungu. Mimi niandike kaapa uongo?"

Ikabidi nimwambie Mama. Hakulia. Alivaa buibui lake, akaenda, akasema mbele ya watu waliojaa barazani: "Nilisema uongo. Andika." Sasa wanawake wa mtaani hawamwiti shughulini. Barua mpya hii hapa, mpe wakili wako. Zimebaki siku kumi na tano.

Mdogo wako

Ng'ambo, 2 Juni

Kaka,

Sijui nikuamkieje.

Barua yangu ya Aprili imerudi, haikufunguliwa. Watu wa Msalaba Mwekundu wanasema gerezani hawakukukuta, na walikouliza hawakujibiwa.

Mama kaniuliza kama imefika. Nimemwambia imefika, na kwamba hakimu kaisoma.

Mdogo wako,
Muzdalifa