Kigoda cha Yaya Masika

Yaya Masika, dada mkubwa niliyepewa na kazi,

Kigoda chako kiko kwangu. Shemeji alinikabidhi siku tulipomaliza matanga, akasema kila akikiona jikoni anadhani umetoka kuchota maji. Nimekiweka karibu na mlango. Watoto nimewakataza kukikalia, na mimi mwenyewe sijakikalia.

Mambo ya Bunia unayajua. Barabara ya Komanda imezidi kuharibika, vitenge vimepanda bei, na majirani zako wa kushoto bado hawasalimiani. Lakini sikuandikii kwa ajili hiyo. Profesa amerudi.

Amekuja na mwanafunzi wake kutoka Kinshasa, kijana mtanashati wa Kilingala na Kifaransa, ambaye Kiswahili chetu kinamchekesha. Bado anachunguza kitu kilekile: jinsi watu wa huku wanavyofanya biashara na Uganda na Sudani. Kabla hata hajakaa, Profesa akaniuliza uko wapi. Nikamwambia. Akavua miwani, akaifuta muda mrefu, ingawa haikuwa chafu.

Unakumbuka alipokuja mara ya kwanza, ule mkutano wa siku mbili kwenye ukumbi wa parokia? Viti vyote walivikalia wenye maduka. Sisi tuliokuwa tukivuka mpaka na vitenge na samaki wakavu tuliambiwa viti vimeisha, tukasimama mlangoni, wengine wakaambiwa wachemshe chai. Profesa akauliza kama wanawake wa hapa hawafanyi biashara. Mwenyekiti wa wenye maduka akajibu kwa Kifaransa kwamba tunawasaidia waume zetu. Na wewe upo hapo mlangoni, ambaye mume wako hajui hata Aru ya mpakani iko upande gani.

Hukubishana. Kesho yake ukaja na kigoda chako cha jikoni, ukakiweka mbele ya safu ya kwanza, ukakaa. Kichwa chako kilifika kwenye magoti ya wanaume. Watu walicheka. Mimi niliona haya kwa niaba yako.

"Sitwayene, pale chini unatafuta nini?" mwenyekiti akakuuliza, akikuita mwananchi kwa Kifaransa chake.

"Iko tu kiti yangu, muzee. Jana mulisema viti imeisha."

Profesa akataka kujua unauza nini. Ukamjibu kwa Kiswahili, ikabidi atafutiwe mkalimani. Baadaye nilikuuliza kwa nini, na Kifaransa umekisoma kwa masista. Ukasema, "Nakijua. Lakini wale wa ku mulango hawakijui. Nilitaka wasikie byenye niko nasema."

Ndivyo ulivyopata kazi ya kumuulizia Profesa maswali, nawe ukanivuta. Ulinifundisha nisimuulize mwanamke wakati mumewe amekaa pembeni. Nisianze na faida. Nikae naye chini, nimsaidie kuchambua maharage, kisha nimuulize safari iliyopita alibeba nini na nani alimsimamisha njiani. Mpaka leo sijui njia nyingine ya kuuliza.

Ila haki tuiseme, nawe ulikuwa na makosa yako. Ulianza kila mara na Wanande wenzako, waliotoka Butembo kama wewe, na wauza samaki wa kwetu Mahagi, Waalur, ukawaambia kesho. Kesho, kesho. Tukiwa juu ya lori nikakuambia kwamba mwenyekiti alikuwa na viti, wewe una kesho. Ulinuna mpaka Komanda. Pale ukaninunulia ndizi za kuchoma, ukasema, "Basi, weye njo utaanza. Tupeleke kwa Waalur yako." Tangu siku hiyo tulianza na wale usiowajua, na sikukusikia ukilalamika.

Sasa Profesa anasema siku zake ni chache. Kule Aru tunakokwenda anataka wenye maduka tu, kwa Kifaransa, na kijana wake ndiye atakayeuliza. Mimi kazi yangu ni kuonyesha nyumba. Wanawake, kama muda utabaki. Wewe na mimi tunajua muda huo haubaki. Kitabu kitatoka, kitasomwa huko Ulaya, wenye makampuni watakuja kutafuta watu wa kufanya nao biashara, na sisi hatutakuwemo tena.

Nilirudi nyumbani nimekukasirikia, Yaya. Wewe ungempa jibu papo hapo. Badala yake umelala, umeniachia mimi, na unajua ninavyowaogopa wakubwa.

Jana nilimwendea. Nikamwambia nitaanza na wanawake, sokoni, kwa Kiswahili na Kialur, na kijana wake akae karibu asikilize. Akiona haifai, atafute mtu mwingine wa kumwonyesha nyumba. Hakukubali, hakukataa. Alisema tutaongea tukifika. Huenda nikarudi Bunia bila kazi, na watoto wangu unawajua wanavyokula.

Lori linaondoka kesho alfajiri. Kigoda nimekifunga pamoja na nguo zangu. Kijana wa Kinshasa amekiona, akacheka, akauliza kama Aru hakuna viti. Nikamwambia vipo, ila huisha mapema.

Lala salama, Yaya. Sina maneno mengi ya kuaga, na kanisani nilishalia ya kutosha. Nakuahidi jambo moja tu: kule sokoni nitaanza na yule nisiyemjua. Tangu uondoke kigoda chako hakijakaliwa na mtu. Aru nitakikalia.

Mdogo wako,
Furaha