Harufu ya Petroli kwenye Kiti cha Nyuma

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, 9 Agosti

Mpendwa Dada,

Hujambo huko uliko? Baridi imepungua, au bado unalala na soksi? Sisi tunapumua, na neno hilo nimelichagua makusudi, utaona. Mama mguu wake umepungua uvimbe. Anatembea mpaka uani na kurudi akilalamika njia nzima, kwa hiyo ujue ni mzima. Wewe je, unakula? Sauti yako juzi kwenye simu ilikuwa ya mtu anayeshindia chai.

Kabla hujashika kifua, mwanao yuko hai. Amelala hapa kwenye kochi, na kila nikimaliza sentensi namtazama kifua kama kinapanda. Mama alinikataza nisikuandikie, eti mtu wa mbali hasumbuliwi. Nimeshindwa. Mtoto ni wako, na hofu hii nimeibeba peke yangu mpaka imenielemea.

Unakumbuka nilikwambia Kidoti anaumwa kichwa kila akitoka shule. Alipimwa malaria, hakuna kitu. Akapimwa macho, hakuna kitu. Mwalimu wake akasema labda anadeka kwa kuwa mama yake hayupo, nami nikaona ni kweli. Halafu akaanza kutapika garini. Siku moja tumefika nyumbani, nafungua mlango wa nyuma, nikamkuta amelala kifudifudi, uso ameuzamisha kwenye kiti. Nikamwita, kimya. Nikamwita tena. Nilimbeba nje nikampepea kwa kanga, akafumbua macho yaliyolegea, akaniuliza kama tumefika shule.

Gari lako lilikuwa linanuka petroli muda mrefu, na taa ya injini ilikuwa haizimiki. Shemeji yako aliibandika plasta ya kidonda ili isimkodolee macho. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili akasema ni mfuniko wa tangi, akatuwekea mpya. Taa ikapumzika kidogo, ikarudi. Lakini baada ya siku ile nilisema mtoto hapandi tena gari hilo mpaka nijue linatoa nini.

Tukaelekezwa kwa fundi wanayemwita Polepole. Hata salamu anaifikiria kwanza ndipo aitikie. Alichomeka kompyuta yake, akatuambia mvuke wa petroli unavuja. Petroli ikikaa tangini hutoa mvuke wakati wote, na mvuke huo unatakiwa upite kwenye mabomba ya mpira hadi kwenye kopo lililojaa mkaa. Mkaa unaushika, kisha injini inauvuta na kuuchoma. Kompyuta inajua tu kwamba kuna tundu. Liko wapi, haijui.

Basi akaleta mashine ya moshi. Si moshi wa moto, usiogope, ingawa mimi niliogopa. Aliupuliza taratibu ndani ya ile njia ya mvuke, akaziba pa kutokea, akasema, "Zimeni simu. Na wewe bwana, hiyo chaji itoe kabisa." Ni ile chaji ya simu ya shemeji yako inayotoa cheche kila akiichomeka. Cheche zile na mvuke ule vilikuwa vinasafiri pamoja kila asubuhi, na mtoto nyuma yake.

Moshi ulianza kutoka chini ya gari, kwenye mpira uliopasuka karibu na kopo. Wote tukainama kuutazama. Mimi nilipoinuka kunyoosha kiuno ndipo nikaona dirishani moshi mwingine, ndani ya gari, unapanda kutoka kwenye mshono wa kiti cha nyuma, palepale Kidoti anapolaza uso. Nilipiga kelele mpaka watu wa duka la jirani wakatoka.

Fundi aling'oa kiti. Chini yake kuna pampu ya petroli, na aliyewahi kuibadilisha alirudisha pete yake ya mpira ikiwa imejikunja, na kifuniko cha juu akakirudisha bila mpira wowote. Halafu akafungua lile kopo la mkaa, akaliinamisha, petroli ikachuruzika. Akauliza, "Nani anajaza tangi?"

Unamjua shemeji yako. Pampu ya kituoni ikijikata yenyewe, yeye anashika bampa anatikisa gari, eti hewa itoke, kisha anaongezewa mpaka petroli aione kwenye shingo ya tangi. Polepole akamwambia, "Ukijaza hivyo, petroli yenyewe inaingia kwenye mkaa. Mkaa ukilowa umekufa. Mvuke ukikosa njia, unatoka popote penye upenyo." Shemeji yako, anayeijibu hata redio, aliinama akaanza kuokota boliti za kiti.

Kopo limebadilishwa, mpira pia, pampu imewekewa pete mpya na kifuniko kimezibwa. Moshi ulipulizwa tena, tukazunguka gari zima, haukutoka popote. Taa imezimika bila plasta. Daktari amemsikiliza Kidoti kifua, akasema hewa safi ndiyo dawa, lakini anataka kumwona tena Alhamisi, na mimi neno hilo "tena" linaninyima usingizi. Nanusa mito, nanusa maji ya kunywa. Namshtukiza mtoto na maswali ya hesabu nione kama akili iko sawa.

Mama anakusalimu. Shemeji yako anakusalimu kwa aibu. Baba mdogo anauliza lini utarudi, na jirani fundi cherehani anasema gauni lako bado analo.

Nimekupa salamu za wote ili nichelewe kufika hapa. Baada ya matengenezo Kidoti aliingia garini, akalala kifudifudi kama kawaida yake, kisha akainuka akaanza kulia. Nilidhani anaumwa. Nikamwuliza kwa nini siku zote hizo hakusema kwamba kiti kinanuka. Akanishangaa. "Hakinuki, mama mdogo. Si gari la mama? Ile ilikuwa harufu ya mama."

Ulimwacha hajajua hata kutembea, Dada. Alikuwa anakunusa wewe. Sasa ananiuliza nimekupeleka wapi.

Usitume mdoli, wala viatu. Tuma nguo uliyoivaa, na tafadhali usiifue.

Mungu akufunike huko uliko, na atufikishe salama hiyo Alhamisi.

Mdogo wako anayekupenda na kukuwaza,
Mama mdogo wa Kidoti