Honorata Amehamishiwa Hexley

Jumapili, 24 Aprili 2005

Mvua. Kifua kizito. Elieth amekwenda kanisani na watoto. Ameniachia karatasi nilizomwomba azichape kutoka kwenye kompyuta: maelezo ya jimbo la uchaguzi la Marlcroft Kusini, Uingereza. Jimbo langu. Mwaka wa nne huu nakaa kwa binti yangu hapa Silver Spring, lakini kura yangu bado iko kule.

Ukurasa mmoja na nusu. Miaka thelathini na mitatu ya maisha yangu — ukurasa mmoja na nusu! Kitongoji cha watu wa kati, wanasema. Wengi hupanda treni asubuhi kwenda kazini London. Nyumba za kushikana mbilimbili. Jimbo halina katikati, wala kitu cha pekee cha kutazama.

Hakuna cha kutazama! Aliyeandika hakushuka kituoni. Angewaona watu wanaouomba mti radhi wakiugonga kwa bega. Angeiona shule nilikofundisha jiografia, madirisha yasiyofunguka, na watoto waliokuwa wakiniita Bwana Rweggy kwa sababu Rwegoshora iliwashinda. Angefika makaburi ya Barabara ya Priory, safu ya mwisho kando ya reli. Honorata yuko pale. Mke wangu. Mwaka wa nane.

Jumatatu, 25 Aprili

Sikulala vizuri. Aya ya mwisho niliiruka jana, macho yalichoka. Leo nimeisoma. Baada ya uchaguzi huu mipaka itabadilishwa. Mpaka wetu hautafuata tena reli, utafuata barabara kuu. Kwa hiyo kata ya Priory yote, pamoja na makaburi, inaingia jimbo la Hexley.

Honorata — Hexley!

Mwaka 1968 tulipiga hodi Hexley tukitafuta chumba. Elieth mgongoni kwa mama yake, ana miaka miwili. Mwenye nyumba alifungua, akatutazama, akasema kimeshapangishwa. Tangazo lilikuwa bado dirishani, kando ya sikio lake. Honorata alilisoma tangazo lote taratibu. Kisha akamwambia, kwa Kiingereza chake cha shule ya masista, kwamba hakuna neno, bibi, hapa sitalala hata nikiwa maiti. Tukavuka daraja la reli na mabegi yetu, tukaingia Marlcroft. Tangu siku hiyo hata mkate wa Hexley hakuula.

Leo wamemhamisha bila kumwuliza. Wamepiga mstari tu. Nilitaka kuwaandikia hao watu wa mipaka. Mkono uliandika anwani, ukachoka.

Alhamisi, 28 Aprili

Chelagat amekuja kuniogesha. Ni Mkenya, kutoka upande wa Kericho, ana mikono ya mkulima na mdomo usiopumzika. Nilimweleza kwamba Doreen, jirani yetu wa ukuta mmoja kule Marlcroft, atapiga kura kwa niaba yangu wiki ijayo, kwa idhini, kisheria kabisa.

"Ati nini? Wewe uko Maryland, kura iko England, na anayepiga ni mama mwingine? Mzee, hata sisi Kenya hatujafika hapo!"

Nilicheka hadi akanishika nisianguke.

"Kwani huko uliacha nini?"

"Mke."

"Alikataa kukuja?"

"Alikataa."

"Wanawake wa siku hizi!" akasema, akaendelea kunisugua mgongo.

Jumapili, 1 Mei

Solomon alipita baada ya misa. Ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Watanzania hapa. Alikaa mezani na Elieth. Mlango wangu ulikuwa wazi, na wao walidhani nimelala. Walikuwa wakipanga safari yangu. Si ya hospitali.

Solomon ni Mchaga, hawezi kumwacha Mhaya apite hivihivi. "Dada Elieth, nyie nawajua. Mzee atataka business class hata akiwa ndani ya sanduku."

Elieth alicheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Pasaka. Halafu akasema, "Mama tulimwacha kule kwenye baridi. Karatasi zangu za hapa zilikuwa hazijatoka, nisingeweza kusafiri, sikuwepo hata kumtupia udongo. Huyu simwachi, Solomon. Huyu namfikisha kwao Kamachumu, Bukoba, mimi mwenyewe."

Nikakohoa. Wakashusha sauti.

Naungama hapa, kwa kuwa padre anayeniletea komunyo huongea sana na Elieth. Sitaki kwenda Kamachumu. Nataka Marlcroft. Lile kaburi ni la watu wawili. Tulilinunua Honorata akiwa bado anatembea. Nilimwuliza, na Bukoba je? Akasema, "Laurean, Kamachumu mimi ni mke wa Rwegoshora. Hapa watu walinipigia kura mimi." Aligombea udiwani mwaka 1982. Aligawa vipeperushi mlango kwa mlango, akaumwa na mbwa mara mbili, akashindwa na muuza mazulia. Tuliporudi nyumbani alicheza jikoni kama aliyeshinda.

Ndugu niliwaambia gharama za kumsafirisha zimenishinda. Elieth naye nilimwambia hivyohivyo. Ulikuwa uongo mwepesi, wa kubebeka. Sasa umenizidi uzito. Nikimwambia leo kwamba mama yake alitaka kubaki, nitakuwa nimemnyang'anya safari hii anayojitibu nayo.

Jumanne, 3 Mei

Tobias amepiga simu kutoka nyumbani. Mdogo wangu, naye ana miaka sabini na tatu. Anapiga kelele kana kwamba mimi ndiye niliye mbali, si yeye.

"Kaka! Mahali pako kibanjani nimeshapasafisha. Kushoto kwa kaburi la baba. Migomba miwili nimeing'oa. Ule wa mama nimeuacha ukupe kivuli."

"Asante, Tobias."

Asante! Ndilo neno lililotoka. Ningesema nini? Rudisha migomba?

Wangekuwa maadui ningepigana nao. Lakini hawa wananipenda. Sina pa kuwashika.

Alhamisi, 5 Mei

Siku ya kura. Nimeamka nikaomba tai. Chelagat akauliza nakwenda wapi. Kupiga kura, nikasema. Hakucheka. Akaifunga, akainyoosha, akanigeuza kidogo nielekee dirishani.

Nilikaa hivyo hadi supu. Doreen atakuwa ameingia ukumbi wa shule yangu, penseli imefungwa kwa uzi, harufu ya viatu vya mazoezi. Nimefurahi. Nimechoka.

Ijumaa, 6 Mei

Naandika haraka, mkono ukiniruhusu.

Doreen alipiga asubuhi. Elieth hakwenda kazini leo, alikuwa chumbani kwangu akikunja shuka. Kwa kuwa mkono wangu hutetemeka, aliiweka simu kwenye spika, juu ya blanketi. Kura imepigwa, Doreen akasema. Mtu wetu ameshindwa, tena vibaya. Halafu alipitia makaburini na maua, kumweleza Honorata habari za Hexley. Amekasirika, akasema, maana mvua ilianza palepale!

Nilicheka. Nikakohoa. Ilinipasa kukata simu wakati ule.

"Lakini usijali, Laurean. Nafasi yako kando yake ipo. Walitaka kuweka benchi, nikawakatalia."

Nilinyoosha mkono kwenye kitufe. Haukufika.

Elieth aliendelea kukunja. Alikunja shuka ileile mpaka ikawa ndogo kama kitabu. Akamshukuru Doreen vizuri, kwa heshima. Akakata.

"Nafasi gani, Baba?"

Nikasema nina kiu. Akaleta maji. Akanishikia kikombe hadi nikamaliza, hadi hapakuwa na maji ya kujificha.

"Mama alijua?"

"Alichagua mwenyewe."

Alisimama dirishani na ile shuka. Majirani walikuwa wakiegesha gari.

"Na Baba Mdogo ameshang'oa migomba," akasema. Hakuwa akiuliza.

Alipofika mlangoni aligeuka. Akaniona nimechukua kalamu. Akasema sawa, Baba, ukimaliza kuandika niite, tuzungumze.

Yuko jikoni. Hakuna sauti ya sufuria wala ya maji. Amekaa tu.

Bado naandika.