Somo Yako Kawahi

Guildford, Sydney

Mama yangu,

Shikamoo. Ipokee kama ya kupiga magoti, maana uso wa kusimama mbele yako leo sina. Mguu unaendeleaje? Na kifua, bado mnajifukiza kila asubuhi? Sisi huku tumo ndani, lokdauni haijaisha, lakini wazima. Baba Salma anakwenda kazini na kurudi, na somo yako Salma, aliyebeba jina lako, siku hizi anacheka mpaka pumzi inamkwama.

Utashangaa kwa nini barua wakati simu ipo. Kwenye simu wewe ukisema tu "mwanangu", mimi naishiwa maneno. Nimejaribu mara tatu. Mara ya mwisho nikaishia kukuuliza habari za kuku.

Nianze na jirani yangu, Miho, Mjapani wa mlango wa pili, mtu mzima, kazi yake kutunza wazee. Mama, kila kitu chake kina uso. Funguo zake zina kidoli, barakoa ina masharubu ya paka, na wali wa kubeba kazini anaufinyanga dubu halafu anautilia macho. Nilidhani ni utoto tu. Anasema kwao hata polisi wana kikaragosi chao, na barabara ikichimbwa wanaweka vizuizi vyenye sungura wa plastiki, ili mtu akizungushwa njia asikasirike.

Siku ya kwanza nilipomtoa Salma nje, nilikuwa naanika nguo uani, mtoto kifuani ndani ya kanga yako. Miho akasimama mbali kama tulivyoamriwa, akamtazama, akajishika mashavu, akasema, "Kawahi! Kawahi!"

Nani kamwambia? Nikaziacha nguo kwenye beseni, nikakimbilia ndani, na baba Salma aliporudi akanikuta nimekaa sakafuni nalia.

Maana ni kweli, mama. Salma kawahi. Hakuzaliwa siku ile niliyokupigia. Alizaliwa wiki tisa kabla, mimba ya miezi saba, njiti. Alilala kwenye kisanduku cha kioo kule hospitali ya Westmead, mkono wake wote mnene kama kidole changu. Siku niliyokwambia nimejifungua ndiyo siku tuliyomleta nyumbani.

Na wewe ukahesabu arobaini kuanzia hapo. Ukapika, ukaita watu, ukasomesha maulidi, ukaniwekea simu karibu nisikie. Nikawa naitikia "amin" na huku najua arobaini yake ya kweli ilishapita kule hospitali, yeye ana mrija puani, mimi nimekaa kitini namtazama kwa kioo. Watu wamekula arobaini ya uongo nyumbani kwako, mama. Hilo ndilo linalonikaba.

Tena zile picha za masikio ya sungura nilizokutumia. Ulisema, "Mwambie baba yake aache kumfanya mjukuu wangu mnyama," mkacheka na shangazi. Hakuwa baba yake, ni mimi. Salma alikuja nyumbani bado ana mrija na plasta shavuni, na ile simu inabandika pua ya sungura palepale. Nikautumia uzuri kukufichia.

Nilificha kwa sababu uliniambia, tangu tumbo lilipoanza kuonekana, niache kazi ya ghalani ya kufungasha maboksi. Nikakujibu nimeacha. Sikuacha. Wala si kwa dhiki, hata baba Salma alinisihi niache. Ni kwamba humu ndani kutwa hakuna sauti, na kule ghalani kuna akina dada wa Kongo, tunaongea Kiswahili, wanalitania tumbo langu. Nilikuwa nafuata maneno. Daktari alisema sababu haijulikani, nisijilaumu. Nikamwitikia. Lakini uchungu ulinishika boksi likiwa mikononi, na hilo daktari hakuliona.

Miho nilimkwepa wiki mbili. Nikisikia mlango wake, mimi nangoja kwanza apite. Siku moja nikakuta kofia ya sufu imetundikwa kwenye kitasa changu, ndogo, ina masikio mawili. Nikaona aibu, nikamngoja ngazini nimuulize kwa Kiingereza changu hiki: nani alikwambia mtoto wangu kazaliwa kabla ya siku? Akatoa macho. Tukahangaika mpaka tukaelewana. Kumbe ni neno la kwao, kawaii, ndivyo wanavyoita kitu kidogo kizuri, ambacho ukikiona mikono yenyewe inataka kukikinga. Nilicheka, mama, nikacheka mpaka barakoa ikalowa, na sijui kicheko kiligeuka kilio saa ngapi.

Akaniuliza, "Kwenu ni neno baya?"

Nikamwambia, "Si baya. Ni mtu aliyefika mapema."

Akafikiri, akasema, "Basi hakutaka kukungojesha."

Nikaingia ndani nikatafuta karatasi.

Ndani ya bahasha kuna picha, haina masikio. Alama shavuni ni ya plasta, inafifia. Na hicho kikuku cha plastiki alivishwa hospitali, kimeandikwa siku yake ya kweli. Kijaribu kidoleni, nadhani kitakuenea kama pete.

Msalimie baba, na umsomee taratibu. Msalimie shangazi Mwanajuma wa mkate wa kumimina, na kaka Athumani pale cherehanini. Bi Tatu jirani, aliyekoroga lile sufuria la pilau la arobaini, mwombee radhi kwangu, mwambie dua zake zilifika japo siku niliivuruga.

Ukinikasirikia una haki yako. Ila ukipiga simu usianze na mimi. Mwite yeye kwanza, kwa jina lenu, aijue sauti yako. Yeye hakutaka kumngojesha mtu. Wewe ndiye niliyekungojesha mimi, wiki tisa, na miezi hii yote juu yake.

Mwanao anayekupenda na kukuogopa,
Zuhura, mama Salma