Bibi Alibandika Maji

Mbuke,

Ukirudi kutoka shule, mpe sungura majani makavu na maji. Kabichi hapana, inamjaza tumbo. Chaja zote ziweke juu asizitafune. ~~Mfungie chumbani, Bibi asimwone.~~ Hapana, mwache azunguke sebuleni kama kawaida.

Asubuhi nilimkuta Bibi yako kabandika maji, kisu kakinoa. Nikamfokea, mkwe wangu mzima! Sasa kanuna, chai hajagusa. Lakini kosa ni letu. Kafika juzi kutoka Ushirombo, na kwao mgeni huchinjiwa. Sisi tunampa maharage, huku linyama lote lile linapita miguuni kwake.

Nimekwenda sokoni kumtafutia jogoo.

Na huyo sungura bado hana jina. Mwombe Bibi ampe, kama alivyokupa wewe.

Mama yako