Picha Ambazo Wenyewe Hawakuzifuata

Chumba cha juu,
Nyuma ya kiwanda cha vitasa.
Ijumaa, tarehe 9.

Mpendwa Mjomba,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo? Na mgongo, umeacha kukusumbua? Sisi ni wazima. Mama anakula vizuri na bado anagombana na redio. Roho yangu tu ndiyo haijatulia. Simu zangu huzipokei, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Ule utafiti wangu, ambao huishi kuuliza kama ni kazi au umbea, unaendelea. Mpiga picha mmoja aliyefunga studio alinipa sanduku la picha ambazo wenyewe hawakuzifuata. Nazipeleka kwenye karakana ya washonaji, nazimwaga juu ya meza ya kukatia, kisha nauliza swali moja tu: "Unaona nini?" Sielezi kitu, wala sizichambui kabla, nisije nikawachagulia watu la kusema. Ndiyo kanuni yangu, na nilikuwa naijivunia.

Jumanne fundi mmoja, wanamwita Mama Vifungo, aliokota moja akasahau mkasi mkononi. Nikauliza swali langu.

"Namwona baba wa binti yangu," akasema. "Aliniambia tutaifuata Jumamosi. Mpaka leo."

Nikachungulia. Mjomba, ni wewe! Shati la mistari, unacheka, mwanya wote nje.

"Mbona umebadilika hivyo?" fundi akaniuliza. "Unamjua?"

Nikasema, "Hapana." Mimi, niliyekwenda kuwaomba watu waniambie ukweli! Nimejionea aibu, na nimekukasirikia sana.

Binti ana miaka kumi na tisa, anakaa mashine ya pili, na alisikia yote. Wakati natoka alinifuata mlangoni, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, hawa wa kwenye picha, wengine bado wako hai?"

Ijumaa tarehe 23 narudi karakana, na nitawaambia fundi na bintiye, kwa jina lako kamili. Ukitaka wasikie kwako kwanza, namba ya fundi nimeiandika chini ya karatasi hii. Usiniombe ninyamaze, tafadhali. Nimeshanyamaza siku tatu na usingizi sina.

Mama anakusalimu, hajui lolote bado. Mungu akutie nguvu uinue hiyo simu. Msalimie mkazamjomba na wanao wawili. Huyu wa tatu nitamsalimia mwenyewe.

Mpwa wako,
anayekupenda hata sasa.