Kwa Nini Mama Hataki Fataki

Kinondoni Mkwajuni,
Dar es Salaam.
11 Aprili 2026

Mpendwa mdogo wangu Najat,

Assalaam alaykum. U hali gani huko Maskati, na kazi inakwendaje? Sie huku wazima, alhamdulillah. Mama goti linamsumbua asubuhi, ila ulimi mzima kabisa, tena umenolewa. Kwenye picha ulizotuma naona umepungua. Kula, mwanamwali! Suhaib kaposa mtu, hajaposa fagio.

Usishangae kuona barua. Kwenye simu siwezi kukueleza haya, maana Mama akisikia jina lako tu anataka spika iwekwe, aamrishe yeye. Farhan wa jirani anarudi huko Jumapili, atakufikishia.

Ni juu ya zile fataki. Tangu useme unazitaka za zambarau kwenye harusi yako, ziende na sare, na Mama akajibu kwamba zikiwepo yeye hakanyagi hapo, nyumba haikaliki. Shangazi akaitisha kikao. Kikao kikaamua kwamba Mama hamtaki Suhaib, fataki kisingizio tu. Basi wakatumwa wazee wawili na kanzu zao kuja kumbembeleza ampokee mkwe. Mama akawapa kahawa na kashata, akawasikiliza mpaka mwisho, akawaambia mkwe kampenda tangu siku ya posa. Wakaondoka wameshiba, hawajui walichofuata. Nilicheka mpaka machozi.

Cheko likaniisha Idi mosi. Vijana wa mtaani walilipua fataki zao jioni, nikamkuta Mama chumbani kajibanza kati ya kabati na ukuta, anaita, "Najat! Najat!" Na wewe uko Maskati, salama salimini.

Wewe hukumbuki vizuri, ulikuwa mdogo. Siku yale mabomu ya kambi ya jeshi ya Mbagala yalipolipuka, enzi tunakaa kule, tulikimbia na umati, ukatupotea, tukakupata kesho yake kwa mama mmoja msamaria, unakula maandazi huna habari. Kwako imebaki hadithi ya kuchekesha. Kwa Mama, siku ile haijaisha, na sie wote hatukuliona hilo.

Sasa mie ni mwalimu wa kemia na fizikia, ningenyamaza vipi? Nilianzia jikoni. Maji ya wali yenye chumvi yalifurika kwenye jiko la gesi, moto ukageuka njano. Nikamwambia, Mama, hiyo ndiyo fataki. Chumvi ina sodiamu, ikipata moto inatoa njano. Strontiamu inatoa nyekundu, bariamu kijani, shaba bluu. Akaniangalia kwa jicho lake lile.

"Punguza moto, wali unaungua."

Sikukata tamaa. Nikamweleza na mlio. Baruti ikiwaka mahali pa wazi inawaka fyuu, moshi, basi. Ukiifungia ndani ya gamba gumu la karatasi, gesi inatoka nyingi kwa mpigo, inakosa pa kupita, inapasua. Huo ndio mlio. Lakini mlio una mwendo wa kobe mbele ya mwanga. Mwanga unafika papo hapo. Sauti inachukua kama sekunde tatu kwa kila kilomita. Ukikaa mbali, utaona kwanza, usikie baadaye. Akasema hayo ni maneno ya shule, niwaambie wanafunzi wangu.

Ijumaa iliyopita majirani wa kaka Salumu kule Mbweni walikuwa na harusi, na fataki zingepigwa mbali, ng'ambo ya viwanja, karibu kilomita nzima. Nilimwambia Mama ukweli kabla hatujatoka, sikumlaghai. Akaja na khanga mbili, moja ya kujitanda, moja ya kuzibia masikio. Tukakaa barazani kwa Salumu, yeye midomo inacheza na dua.

Ua jekundu likachanua angani. Mama akaziba masikio. Kimya. Akanigeukia kuniuliza mbona, na hapo ndipo mlio ukafika, masikio yameshazibwa. La pili likawa vivyo hivyo. La tatu akaishusha khanga mwenyewe.

"Kumbe hili linabisha hodi," akasema. "Lile la Mbagala halikubisha."

Basi nikaangua kilio, mie mwalimu mzima, na yeye ndiye aliyenifuta machozi kwa ile khanga ya masikio.

Kwa hiyo fataki zako zipo. Fundi wake nimeshaongea naye, atazitega mwisho wa uwanja, mbali na turubai, na MC atatangaza kabla. Ila kuhusu zambarau usijipe moyo sana. Zambarau ni nyekundu ya strontiamu na bluu ya shaba kwa pamoja, na hiyo bluu ina maringo: moto ukizidi kidogo tu, kile kinachoitoa kinavunjika na rangi inapauka. Ikitoka ya waridi, wewe tabasamu. Wageni watasifu hivyo hivyo, wao wanangoja pilau.

Salumu na mkewe wanakusalimu sana. Shangazi naye, pamoja na kikao chake. Msalimie Suhaib, mwambie wazee wamempitisha mara mbili.

La mwisho ni sharti la Mama. Fataki zikianza, ushuke jukwaani na nguo yako yote hiyo, ukae karibu naye, umshike mkono. Nikamwambia, Mama, si umeshazizoea? Akasema hazimtishi tena. Ila siku ile alikuwa amekushika yeye, Najat, watu wakasukumana, na mkono wako ukamponyoka. Hajawahi kumwambia mtu. Anataka safari hii mlio uje, upite, na mkono wako uwe bado umo ndani ya wake.

Mola akulinde na akurudishe nyumbani salama.

Dada yako akupendaye, hata akikusema,
Tunu